Hewa ya Chini

Miaka thelathini na mmoja
nilikula mkate wangu mita mia saba chini ya bustani hizi,
na sikujua lolote kuhusu udongo.

Makaa nayajua. Mwamba naujua kwa sauti:
unavyokohoa kabla ya kuanguka,
unavyonyamaza, kunyamaza kubaya kuliko kukohoa.
Lakini shubiri hii ya juu,
ngozi hii ambamo karoti hulala,
nimeikuta uzeeni, pamoja na pensheni,
magoti mabovu, na kiwanja namba arobaini na tatu
nyuma ya reli, hapa Bytom.

Mwaka wa kwanza karoti zilitoka zimepinda
kama vidole vya Alojzy wa kiwanja cha pili.
Nyingine zilikuwa na miguu miwili:
zimefika mahali, zimebisha hodi,
hakuna aliyefungua.
Nikashika jembe. Jembe likalia kama kengele.
Chini pale, udongo ulioshindiliwa na malori ya mgodi,
vigae vya matofali, majivu ya tanuri,
na kijiko kimoja cha mtu fulani.
Mvua ilikaa juu yake siku nne,
mgeni aliyenyimwa kiti.
Nikanunua mbolea ya gunia. Nikamwaga. Nikamwaga tena.
Majani yakazidi umanjano, kama yananikomoa.

Hildegarda, mke wangu, hakuwahi kushuka mgodini,
ila alifua kila kilichopanda kutoka huko.
Alisimama njiani, mikono kiunoni:
"Gerard, unawapelekea chakula watu wasioweza kupumua."

Sikumjibu. Nilikwenda kukaa kibandani,
mlango nikaurudishia.

Ilikuwa Novemba, ngazi ya tano.
Teofil alikuwa upande wa pili wa kifusi, akigonga bomba:
tatu, kimya, tatu.
Supu ya kumpa tulikuwa nayo.
Maji tulikuwa nayo. Kasisi tulikuwa naye.
Tulichokosa ni upenyo.
Siku ya pili aligonga mara mbili.

Nilitoka kibandani na uma wa meno manne.
Sikupindua kitu. Nilichoma, nikaegemea, nikatikisa,
nikarudi nyuma hatua moja, miguu juu ya ubao.
Udongo uliguna.
Ukapasuka ufa mwembamba wa kupitisha kisu,
nami nikauinamia kwa sikio, mzee mzima,
Alojzy akinitazama juu ya ua.

Baada ya hapo ni kazi ya kubeba tu.
Makapi ya kahawa kutoka mkahawa wa stesheni,
majani makavu ambayo manispaa huyachoma,
samadi ya farasi wa Kocur, bado ina moshi wa asubuhi.
Agosti tulipanda haradali, si ya kula:
tuliikata ikiwa na maua, mizizi tukaiacha ardhini
ife mle mle, ioze mle mle,
ibakize vihandaki vyembamba
ambavyo hakuna aliyelipwa kuvichimba.
Na sheria moja: tuta halikanyagwi.
Mpira wa Szymek ukiingia, unatolewa kwa ufagio.

Nyungunyungu walikuja mwaka wa tatu.
Hawana kofia, hawana taa, hawana chama.
Hildegarda aliwahesabu kwenye sepetu moja, kumi na mmoja,
akawafunika upesi kama mtu anayefunga pazia.

Leo nimeng'oa karoti ndefu kama kigasha changu.
Mkia wake umekatika, umebaki chini.
Sikuufukua. Ulikuwa safarini.

Jioni, kabla ya kufunga kibanda,
naukung'uta uma kwenye jiwe:
tatu, kimya, tatu.
Hildegarda anadhani ni matope.